Saruji ilikuwepo kabla ya simiti: historia ya kuta zetu za ndani

Mtu akishaezeka nyumba yake hudhani mzigo umetua. Kumbe ndio kwanza mkoko unaalika maua. Kuta zingali uchi, mawe yanamkodolea macho, na fundi anamngojea na swali lisilojibika kwa haraka: ndani tupake nini? Jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu anayejenga nyumba ya uzeeni, aliniletea orodha ya fundi wake nimsaidie kuitia katika Kiswahili. Orodha ilikuwa na plasta, skimu, jipsamu, vigae, karatasi ya ukutani na rangi ya hariri. Maneno niliyokuwa nayo nilimpa. Swali lake la pili ndilo lililonikalisha kitako: "Profesa, hawa wazee wa pwani waliokaa katika majumba ya mawe, wao ndani walikuwa wakipaka nini, na walikuwa wakikiitaje?"

Nataka kulijibu swali hilo hadharani kwa kuwa naona lina faida kwa wengi, hasa vijana wanaojenga sasa hivi kwa mikopo na jasho. Historia ya ukuta wa ndani katika nchi yetu ni historia ya maneno pia. Na katika maneno hayo limo moja, saruji, ambalo jina lake limebaki lile lile ilhali kitu kinachoitwa kwa jina hilo kimebadilika. Kubadilika huko si mzaha wa wanaisimu. Kumeharibu kuta nyingi, na kungali kunaziharibu. Tutafika huko, lakini tuanze mwanzo.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Methali hii aghalabu tunaitumia kwa watu, kuonya kwamba sura si tabia. Lakini hebu tuichukue kama ilivyo. Inatoka kwa watu waliojua kwamba thamani ya nyumba iko ndani, mahali ambapo mpita njia hafiki. Mji wa Lamu ni ushahidi tosha. Ukipita vichochoroni utaona kuta kavu, ndefu, zisizo na mapambo mengi ila mlango uliochongwa. Mapambo yenyewe yamejificha. Mswahili wa karne ya 18 hakujengea barabara, alijengea ndani.

Kabla ya mawe, palikuwa na udongo, na ni makosa kuuruka udongo kana kwamba haukuwa ujenzi. Kiswahili kinatofautisha ukuta na kiambaza. Kiambaza ni ule ukuta wa miti na fito uliojazwa udongo. Kazi yake ina vitenzi vyake. Unapojaza udongo katikati ya fito, unakandika. Ukishakauka na kupasuka nyufa, unarudi na udongo laini zaidi, wakati mwingine uliochanganywa na samadi ya ng'ombe au majivu, ukaupaka kwa kiganja mpaka ukuta ukawa laini, hapo unasiriba. Kukandika ni kujenga, kusiriba ni kumaliza. Wanaotafuta neno la Kiswahili la kazi ya mwisho ya ukuta wangeanzia hapo badala ya kukimbilia kukopa.

Nasi wa bara tunaijua kazi hii vizuri. Huko kwetu ilikuwa kazi ya akina mama, na haikuwa ya kubahatisha. Walijua udongo wa mtoni una rangi gani, wa kichuguu una mshiko gani, na kwa nini samadi huuzuia udongo usipasuke: yale majani yaliyosagwa na tumbo la ng'ombe ni nyuzinyuzi zinazoushika udongo unapokauka. Wapo waliopaka mstari wa udongo mwekundu chini na mweupe juu. Hakuna aliyewapa cheti, lakini huo ulikuwa ufundi, na ulikuwa na kanuni ambayo nitairudia baadaye: kinachopakwa juu ya ukuta kiwe ndugu wa kilichomo ndani ya ukuta. Udongo juu ya udongo. Vilikauka pamoja, vikanywa maji pamoja, vikatanuka na kunywea pamoja.

Mawe yalikuja taratibu. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Shanga, katika kisiwa cha Pate, chini ya Mark Horton katika miaka ya 1980, walikuta misikiti iliyojengwa mmoja juu ya mwingine mahali pale pale. Ile ya mwanzo, ya karne ya 8, ilikuwa ya miti na udongo. Ya mawe ilifuata kufikia karne ya 10. Maana yake ni nini? Kwamba aliyejenga kwa jiwe hakuwa mgeni aliyeshuka jahazini na ramani mkononi, bali watu wale wale waliokuwa wakikandika jana. Nyumba ya mawe ya Mswahili ni mtoto wa nyumba ya udongo.

Jiwe lenyewe lilikuwa la aina mbili. Kuta zilijengwa kwa matumbawe ya nchi kavu, yaani yale yaliyokufa zamani na kuwa mwamba, yakashikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Kwa sehemu za kuchongwa, kama vile mihirabu na vizingiti vya milango, walikata matumbawe laini kutoka baharini yangali mabichi, yakachongeka kama mbao, kisha yakawa magumu yalipokauka. Ukienda Gedi, magofu yaliyochimbuliwa na James Kirkman kuanzia 1948, utaona kuta za aina hiyo. Angalia vizuri, kwani hapa na pale pamesalia vipande vya chokaa iliyopakwa juu ya mawe karne nyingi zilizopita, na vingali vimeshika.

Chokaa hiyo ilitengenezwa vipi? Mafundi walipanga magogo duara, wakayapandisha matumbawe juu yake kama kichuguu, wakawasha moto. Jiwe la chokaa likipata joto la nyuzi 900 hivi za selsiasi huachia hewa ya kaboni na kugeuka kitu chepesi, kikali, kinachounguza ngozi. Kikitiwa maji huchemka chenyewe bila moto, kisha hulala na kuwa uji mweupe. Mafundi waliuacha uji huo ukae muda mrefu, wiki hata miezi, maana chokaa iliyokaa ni laini na haina punje zitakazochemka ukutani baadaye na kuacha mashimo. Ikishapakwa, hutwaa tena hewa ya kaboni kutoka angani na kurudi kuwa jiwe. Hebu fikiri, msomaji: jiwe linageuzwa uji ili lipakike, halafu linarudi kuwa jiwe likiwa ukutani. Ukuta wa matumbawe uliopakwa chokaa ni jiwe lililovishwa ngozi ya jiwe lile lile. Ni ile kanuni ya akina mama wa udongo, ila imehamia kwenye jiwe.

Kazi ya kupaka ilikuwa na hatua, na kila hatua ina neno lake. Kwanza fundi alitomea, yaani alijaza chokaa na vijiwe vidogo vidogo katika mianya ya ukuta ili usawazike. Kisha akapiga lipu. Neno lipu linafanana mno na kitenzi cha Kihindi "lipna", chenye maana ile ile ya kusiriba, na hilo halishangazi kwa watu waliofanya biashara na Bara Hindi kwa karne nyingi. Mwisho alipaka niru, yaani chokaa laini kabisa, akaisugua na kuikandamiza mpaka ikang'aa. Ni wangapi kati yetu tunaolijua neno niru? Wanafunzi wangu wa shahada ya pili, nilipowatajia, walidhani ni jina la mtu. Ilhali skimu, ambayo kila fundi wa Nairobi anaitaja, ni hatua ile ile: tabaka jembamba, laini, la mwisho kabla ya rangi. Tulikuwa na neno, tukalisahau, tukakopa jingine kwa kitu tulichokuwa nacho.

Chokaa hiyo hiyo, kwa taarifa ya walio mbali na pwani, wazee waliitia pia katika tambuu pamoja na popoo wakaitafuna. Leo kwa Mkenya wa bara chokaa ni ile inayopakwa mashina ya miti katika uwanja wa shule au inayochorewa mistari ya uwanja wa mpira. Neno limeshushwa cheo. Kutoka kushika ukuta wa jumba, limekuwa la kuremba mti siku mgeni wa heshima anapokuja.

Sasa tuingie ndani ya nyumba ya Lamu. Utapita daka, ambalo ni baraza ya mlangoni, na tekani, kisha utatokea kiwanda, yaani ua wa wazi ulio katikati. Kutoka hapo vyumba vinafuatana, kimoja nyuma ya kingine: msana wa tini, msana wa yuu, na mwishoni kabisa chumba kinachoitwa ndani, bila nyongeza. Vyumba ni virefu lakini vyembamba. Kwa nini? Kwa sababu dari imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa, ni mita mbili na nusu au kupita kidogo. Msitu wa mikoko ndio uliopima upana wa chumba cha Mswahili.

Hapo ndipo uteuzi wa kumalizia ukuta ulipokuwa na akili. Mwanga uliingia kutoka kiwandani tu. Kila ulivyozidi kwenda ndani, giza lilizidi. Ukuta uliopakwa niru nyeupe na kusuguliwa uliupokea mwanga huo kidogo na kuusukuma mbele hadi chumba cha nyuma. Weupe wa kuta hizo haukuwa pambo tu bali taa. Na katika ukuta wa mwisho kabisa, ule unaotazamwa na anayeingia, mafundi walichonga zidaka: safu juu ya safu za vishimo vyenye vichwa vya matao, kutoka karibu na sakafu hadi karibu na dari. Vishimo hivyo viliufanya ukuta uonekane una kina, na chumba chembamba kikaonekana kipana.

Hapa niweke kituo kidogo cha kilugha. Vitabu vya watalii huandika "zidaka" kana kwamba ni jina la pambo moja la kigeni. Si hivyo. Ni kidaka kwa umoja. Lahaja za kaskazini, Kiamu na Kipate, hutumia zi- pale Kiswahili sanifu kinapotumia vi-. Zitu ni vitu, na zidaka ni vidaka. Na kidaka ni daka dogo, kijishimo cha ukutani kilichopewa jina la baraza ya mlangoni kwa kuwa vyote viwili ni nafasi iliyoingia ndani ya ukuta. Ukiijua sarufi ya neno, umeijua nusu ya nyumba.

Zidaka zilikuwa za nini? Watafiti hawasemi kwa sauti moja. Wapo wanaosema ni rafu za sahani na bakuli za Kichina na vitabu. Mtaalamu Linda Donley, aliyetafiti nyumba za Lamu, alizihusisha na ulinzi wa chumba cha ndani, mahali pa kuzaliwa na pa kuoshewa maiti, dhidi ya husuda na uchafu wa kiroho. Mimi sioni haja ya kuchagua mmoja na kumtupa mwingine. Jambo la hakika ni kwamba ukuta wa ndani haukuwa kitu cha kufunika mawe tu. Ulisema mwenye nyumba ni nani, anaogopa nini, na anathamini nini. Ndiyo maana Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha katika Al-Inkishafi jinsi Pate ilivyoanguka, hakuridhika kutaja majumba matupu. Alizitaja zidaka za sahani kuwa zimegeuka malazi ya ndege. Msomaji wake alielewa papo hapo: ikiwa ndege wamefika kwenye zidaka, basi hakuna tena ndani.

Kuta pia zilihifadhi mkono wa mtu wa kawaida. Katika lipu ya Gedi, Kilwa na ndani ya Fort Jesus, Mombasa, imepatikana michoro ya vyombo vya baharini iliyokwaruzwa na watu wasiojulikana majina. Fort Jesus ina pia michoro ya askari wa Kireno iliyochorwa kwa mkaa na udongo mwekundu, na imehifadhiwa hadi leo. Karatasi za zama hizo zimeliwa na mchwa na unyevu. Lipu imekumbuka.

Sasa tulifikie lile neno nililoahidi. Kamusi zetu leo zinasema saruji ni ule unga wa kijivujivu wa kujengea, na fundi ukimwambia alete saruji ataleta mfuko wa kilo 50. Lakini neno hili halikuja na mfuko. Katika Uajemi na Omani, "saruj" ni jina la kale la mchanganyiko wa kujengea na kupakia uliofanywa kwa chokaa pamoja na udongo uliochomwa au majivu. Omani waliutumia kupakia mifereji yao ya maji, ile iitwayo falaji, pamoja na mabirika na ngome, kwa sababu chokaa ikikutana na udongo uliochomwa hupata nguvu ya kushika hata penye maji. Ni teknolojia ya karne nyingi.

Simiti tunayoijua ni ya juzi. Joseph Aspdin, fundi mwashi wa Leeds huko Uingereza, alipata hataza ya simiti aliyoiita ya Portland mwaka 1824, kwa kuwa ilifanana na jiwe la mahali paitwapo Portland. Leo hutengenezwa kwa kuchoma jiwe la chokaa na udongo pamoja kwenye joto la nyuzi 1,450 hivi, kisha kusaga kinachotoka. Hapa Kenya kiwanda cha Bamburi kilianza kutoa simiti yake mwaka 1954, na malighafi yake ni yale yale matumbawe ya kale ya pwani. Jiwe ni lile lile, moto tu ndio tofauti. Lakini tofauti ya moto huzaa tofauti ya tabia. Chokaa ni laini na hupumua; hupitisha unyevu. Simiti ni ngumu, na unyevu hupita kwa shida.

Kitu kipya kilipokuja, Waswahili walifanya wanachofanya wenye lugha popote duniani: walikivisha jina lililokuwepo. Kwa kawaida hilo halina madhara. Runinga si redio wala kompyuta si taipureta, na hakuna aliyeumia kwa maneno hayo kukopana maana. Lakini katika saruji, jina la zamani liliificha tofauti. Simiti iliingia mjini ikiwa na kitambulisho cha nduguye. Mzee akisema kuta zetu zilipakwa saruji na zikadumu miaka 200, kijana anasikia simiti. Anaenda dukani, ananunua mfuko, anarudi kuikarabati nyumba ya babu yake "kama walivyofanya wazee". Na hapo balaa linaanza.

Nimewahi kulala siku kadhaa katika nyumba moja ya Mji wa Kale wa Mombasa iliyokarabatiwa kwa namna hiyo. Mwenye nyumba alikuwa amelipa fedha nyingi, na ukuta wa ukumbini ulikuwa umenyooka kama meza. Lakini kuanzia sakafuni hadi usawa wa kiuno rangi ilikuwa imetutumka malengelenge, chini yake pana unga mweupe kama chumvi, na ukigonga unasikia uwazi. Ilikuwa chumvi kweli. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini kama utambi wa taa, na maji hayo hubeba chumvi. Ukuta ukiwa umepakwa chokaa, maji hupanda, hufika juu ya ngozi, hukauka na kuondoka. Chokaa ikichakaa unaipaka upya. Ukiufunga kwa simiti na rangi isiyopitisha hewa, maji hayana mlango. Hujikusanya, hupanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na chumvi inapoganda nyuma ya lipu huisukuma na kuibambua, ikiondoka na vipande vya jiwe. Mwenye nyumba akaambiwa suluhisho ni kuongeza simiti nzito zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ukiuziba ufa kwa kitu kisichopatana na ukuta, huo ukuta utaujenga mapema zaidi.

Lamu iliorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Katika miji yote miwili wataalamu wa uhifadhi wanahimiza chokaa irudishwe katika kuta za matumbawe. Kikwazo si chokaa tu kupatikana, bali pia mkono unaojua kuitumia, na mkono hufuata neno. Fundi asiyejua neno kutomea hawezi kuambiwa atomee. Atafanya analolijua.

Mtanielewa vibaya mkidhani nahubiri kurudi kwenye tanuri za magogo. La hasha. Chokaa ya kale ilikula mikoko na matumbawe ya baharini, na leo tunajua mikoko ndiyo kitalu cha samaki na kinga ya ufuo. Kukata matumbawe mabichi siku hizi ni kuiharibu bahari inayotulisha. Chokaa ya viwandani ipo. Wala sisemi simiti ni adui. Nyumba nyingi za Kenya leo ni za mawe ya kuchonga au matofali ya simiti, zimejengwa kwa simiti, na plasta ya simiti ndiyo ndugu yao halali. Kanuni ya akina mama wa udongo haijabadilika: kinachopakwa kiwe ndugu wa kinachopakiwa.

Kwa hiyo mtu anayejenga leo ajifunze nini kutoka kwa historia hii? Naona maswali manne, na naomba uyaulize kwa utaratibu huu kabla hujaangalia bei wala picha za nyumba za watu.

Swali la kwanza: ukuta wangu ni wa nini? Ukiwa wa simiti, plasta ya simiti itaushika. Ukiwa wa udongo au matumbawe, kama umerithi nyumba ya kale au unajenga kwa matofali ya udongo, tafuta chokaa au udongo.

Swali la pili: maji yanatoka wapi na yataondokea wapi? Plasta mpya ya simiti inywesheshwe maji angalau siku saba ili ishike, kisha iachwe ikauke. Mafundi wenye subira husubiri siku 28 hivi kabla ya rangi. Anayehamia kwa haraka na kupaka rangi ya mafuta juu ya plasta mbichi atalipa mara mbili, maana ukali wa simiti mbichi huila rangi hiyo. Jipsamu nayo ni nzuri kwa ukumbi mkavu, lakini haipatani na maji; usiipeleke bafuni wala kwenye ukuta unaovuja kwa kuwa tu inapendeza kwa jirani. Bafu na jiko ni vya vigae.

Swali la tatu: chumba kinapata mwanga kiasi gani? Hili ndilo walilolijua watu wa Lamu kupita sisi. Tunapaka vyumba vya nyuma kijivu kizito kwa kuwa ni mtindo, halafu tunawasha taa saa nane mchana. Chumba kisicho na dirisha kubwa kipewe weupe. Rangi yenye kung'aa hurudisha mwanga na huoshwa kwa urahisi, ila hufichua kila kilima na bonde la ukuta. Ikiwa fundi wako hakusawazisha vizuri, isiyong'aa itakusitiri.

Swali la nne: nani ataishi humu? Nyumba ya watoto wadogo itahitaji ukuta wa kufutwa kila siku. Nyumba ya mzee mwenye pumu haitaki ukuta unaootesha kuvu. Chumba cha ndani cha Lamu kilipambwa kuliko vyote kwa sababu ndimo watu walimozaliwa na ndimo walimoagwa. Sisi tunapamba ukumbi wa wageni, tukiacha vyumba vya kulala na jiko vikiwa na saruji tupu kwa miaka kumi. Tumejenga kinyume cha methali: nyumba zetu zimekuwa mlango.

Nimalizie na upande wa lugha, maana ndio uwanja wangu. Sheikh Ahmed Nabhany, mtaalamu wa Lamu aliyetutoka mwaka 2017, aliona vyombo vya baharini vinatoweka na majina ya sehemu zake yanatoweka navyo. Akatunga Sambo ya Kiwandeo, utenzi unaovitaja vifaa vya jahazi kimoja baada ya kingine, ili neno lisife pamoja na ubao. Ujenzi unahitaji Nabhany wake. Vyuo vyetu vikuu vina idara za Kiswahili na idara za usanifu wa majengo, mara nyingine katika jengo moja, na hazisalimiani. Mwanafunzi mmoja wa uzamili angeketi na mafundi wazee wa Lamu, Mombasa na Siu kwa miezi sita, akaandika kila kitenzi cha mkono wao, na pia akakaa na mafundi wa Nairobi na Kisumu akaandika maneno yao ya mjengo, tungekuwa na kamusi ndogo yenye manufaa kuliko tasnifu nyingi zinazolala rafuni. Kamusi hiyo ingeandika saruji mara mbili, kwa maana mbili, na kuweka tahadhari kati yake.

Hadi hapo, unapozungumza na fundi wako usiishie kumwambia apake "saruji" au "finishi". Muulize ni maada gani, imetengenezwa kwa nini, na inapatana vipi na ukuta ulio chini yake. Asiyeweza kukueleza hayo kwa lugha mnayoelewana nyote wawili, usimkabidhi ukuta.